Sikumuaga mtu wa bajaji

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Honi mbili fupi nje ya geti.

Nilikuwa jikoni nachemsha chai ya mama na wala sikushtuka, maana honi zile mbili nilishazizoea kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zimekuwa sehemu ya asubuhi ya kwetu kama adhana. Halafu ndo nikakumbuka. Nikazima jiko, nikatoka na kanga begani, ndala moja ya kwangu moja ya mdogo wangu.

Mtu wa bajaji alishafika getini. Kimlango kidogo kilikuwa wazi na macho yake yalikuwa ndani, na ndani imepaki gari yangu, Toyota Raum ya kijivu, namba ya usajili ya E mpya kabisa, kioo cha mbele bado kina tarakimu zile nyeupe wanazoandika bandarini. Iliingia Jumamosi jioni.

"Aah, limefika!" akasema. "Hongera sana dada."

Nikaanza kujieleza, kwamba nilisahau kumwambia, Jumapili tulikuwa na wageni, nilitaka kumpigia usiku nikaona atakuwa amelala. Akanikatisha kwa upole. "Hamna shida dada. Hamna shida kabisa." Akazunguka nyuma ya bajaji yake, akafungua ule mpira wa kufungia mizigo, akatoa kigoda, akaja akakiweka pembeni ya nguzo ya geti taratibu, kwa mikono miwili.

"Hiki cha mama. Hata kwenye gari atakihitaji."

Akawasha, akageuza, akaondoka.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita na hakuna asubuhi nimefungua lile geti bila kuiona ile mikono miwili.

Kwa nini nilibaki bila gari

Mama alipata kiharusi mwezi wa tatu. Mungu mkubwa, maneno yalirudi, kichwa kikarudi, ila mkono na mguu wa kushoto vikabaki vizito, na daktari akasema kitu kimoja tu kitasaidia nacho ni mazoezi ya viungo, mara tatu kwa wiki, bila kukosa. Hospitali iko upande wa Mwenge. Sisi tunakaa Kimara, huku ndani, ukitoka nyumbani mpaka Morogoro Road mtu mwenye miguu yake mizima anatembea robo saa.

Nilikuwa na Vitz ya zamani. Kumwingiza mama kwenye ile Vitz ilikuwa vita, kiti kiko chini, mlango mdogo, mguu wa kushoto unabaki nje mpaka mtu aubebe kwa mikono. Ndo nikaanza kutafuta Raum, toleo la pili, zile zilizotengenezwa 2003 hadi 2011. Wanaozijua wanajua: upande wa kushoto hazina nguzo ya katikati, mlango wa mbele unafunguka mpaka mwisho, wa nyuma unateleza, ukifungua yote miwili mnapata uwazi mkubwa mtu anaingia kama anaingia sebuleni. Na kushoto ndo upande wa pembeni ya barabara, huku kwetu kama Japani. Niliposoma hivyo nililia, sitaki kuficha.

Hesabu ya kuagiza gari mnaijua. Unalipa bei ya gari mpaka ifike Dar, ukipumua unakutana na ushuru. Ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya 1500cc, VAT 18%, na kwa sababu gari limezidi miaka 10 kuna ule wa uchakavu 30%, na vingine vidogo vidogo. Wenzetu wa Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii kabisa, sisi linaingia ila unalilipia. Kwa gari la 2009 kama langu, kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kinakupa namba inayokaa jirani na bei ya gari lenyewe. Hela hiyo sikuwa nayo. Hela yangu ilikuwa imeegeshwa uani, inaitwa Vitz.

Nikaiuza.

Niliambiwa wiki sita. Nikajiambia wiki sita si kitu, tutatafuta usafiri wa muda.

Hilo neno, wa muda, naomba mlishike, nitalirudia.

Tulivyohangaika

Wiki ya kwanza kaka yangu alitupa Noah yake. Gari la kuazima lina adabu zake, unajaza mafuta kuliko ulivyotumia, unaliosha, unaendesha kama umebeba mayai, na bado Ijumaa nikasikia shemeji yangu kwenye simu akimwambia mtu kwamba yeye siku hizi anapanda daladala. Hakusema kwa ubaya. Nilirudisha funguo jioni ile ile.

Nikauliza ya kukodi, elfu sabini kwa siku bila mafuta. Mara siku tatu, mara wiki sita. Nikafunga ile mada.

Usafiri wa app nao ulinichosha mapema. Dereva anakubali, anapiga simu anauliza unaenda wapi, unamwambia kuna mgonjwa anatembea polepole utusubiri kidogo, anasema sawa, kisha kwenye ramani unaona gari lake linageuka linaondoka. Siku ya mvua bei inapanda mara mbili. Sisemi wote, kuna mmoja aliwahi kumbeba mama mgongoni kuvuka dimbwi, lakini wagonjwa wa mazoezi wanahitaji uhakika na mimi kila alfajiri nilikuwa nabahatisha.

Tukajaribu mabasi ya mwendokasi. Mara moja. Niliwaza, kile kituo sakafu yake iko usawa mmoja na sakafu ya basi, hakuna ngazi, mguu wa mama utavuka. Na asubuhi saa nne kweli ulivuka, mtu akainuka bila kuombwa, abiria mmoja akapaza sauti mpisheni mama, mama akakaa dirishani anaangalia Ubungo kama mtalii. Nikafurahi nikasema tumepata dawa. Kurudi ilikuwa jioni. Waliowahi kusimama kituoni saa kumi na moja jioni wanisaidie kueleza. Mlango ulipofunguka watu wakaja kama maji, nikamkumbatia mama tukabanwa kwenye kioo, mguu wake wa kushoto haujui kujitetea, tukaacha mabasi manne yapite. Nyumbani alikaa kitandani hakusema kitu. Kesho yake akasema hataki tena kwenda mazoezi.

Hapo ndo niliogopa. Mvua wala foleni havikuwahi kunitisha hivyo. Daktari alishasema miezi ya mwanzo ndo ya kupigania.

Kigoda

Mtu wa bajaji alikuwa amepaki kijiweni pale Kimara Bucha. Sikumchagua kwa chochote, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikamweleza: kwenda Mwenge, kusubiri, kurudi, siku tatu kwa wiki, alfajiri mapema kuwahi foleni, na mgonjwa ni wa taratibu. Akauliza maswali mawili tu. Mguu upi? Na mama anapenda kukaa peke yake au na mtu?

Tukapatana elfu kumi na nane kwa safari nzima.

Safari ya kwanza mama alipanda kwa shida, ile sakafu ya bajaji ni fupi kwako na mimi ila kwa mama ilikuwa mlima. Jamaa aliangalia, hakusema. Safari ya pili akaja na kigoda. Cha mbao, cheusi kwa kukaliwa, na miguu yote minne ameipigilia vipande vya tairi chini ili kisiteleze kwenye tope au vigae. Anakiweka, anakikanyaga yeye kwanza kwa uzito wake wote, anashuka, ndipo anamwambia mama karibu.

Siku moja mtaalamu wa mazoezi alikuwa anamfundisha mama kwenye ngazi za hospitali, kwamba kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka mguu mbovu unatangulia. Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini. Aliyekuwepo ni yeye, amesimama pembeni anasubiri. Kuanzia siku hiyo ikawa wimbo wao. Anaweka kigoda, anasema, "Mama, mzima kwanza." Wakifika, "Mama, mbovu kwanza." Na mama anajibu, "Haya baba." Mama yangu yule aliyekataa kwenda.

Hakukosa siku. Vuli ilipoanza na Jangwani ikajaa maji mwendokasi ukakatwa, mimi mwenyewe nikakwama mjini mpaka usiku, yeye alikuwa ameshamrudisha mama, amemshusha, ameweka kigoda, amehakikisha dada wa kazi amefungua, ndipo akanitumia meseji: "Mama kafika salama dada." Tena yote kwa herufi kubwa. Kwenye simu nilimsevu "Bajaji Mama".

Meli

Wakati huo mimi nilikuwa na ugonjwa wangu, nao ni meli.

Usiku nikishamlaza mama nilikuwa nafungua ile app ya kuangalia meli. Nikaiona inatoka Japani, nikaiona Singapore, ikakaa pale siku nyingi kuliko nilivyotarajia, kisha ikaingia bahari kuu na ile alama ikaganda, maana app ya bure inategemea mitambo ya pwani, meli ikiwa mbali na nchi kavu haionekani. Nilikuwa najua hilo na bado nilikuwa nafungua. Ilipofika Dar nikadhani tumemaliza, kumbe ndo tumeanza, kuna kusubiri nafasi ya kushusha, kuna nyaraka, kuna ajenti.

Ajenti wangu wa bandarini alikuwa na jibu moja, kesho. Kontrol namba ya kulipia ushuru kesho, mfumo uko chini kesho. Kilichoniuma si kuchelewa. Kuchelewa naelewa, bandari si ya baba yake. Kilichoniuma ni kimya. Nikimpigia hapokei, nikituma meseji zinaingia bluu na hajibu, na mimi nina maisha ninayapanga juu ya neno lake. Nilimwandikia meseji ndefu sana siku moja, bado ninayo, kuna sehemu nilisema: mimi sikuombi gari leo, nakuomba taarifa, mtu anayekutegemea mpe taarifa hata kama ni mbaya.

Wiki sita zikawa kumi na mbili.

Na katika hizo zote sikuwahi kumwambia mtu wa bajaji kwamba kuna meli.

Neno la mama

Ile Jumatatu nilimpeleka mama mwenyewe. Gari ni zuri, alhamdulillah, aliingia kama nilivyoota kwenye zile picha. Akashika mkanda, akaangalia mbele. Tulipofika Ubungo akauliza, "Yule mtoto umempa nini?"

Nikasema nilimlipa yote, sidaiwi hata mia.

"Sijauliza deni."

Kimya mpaka Mlimani City. Kisha akasema, "Mtu kakushika mkono miezi miwili, afu unamfungulia kimlango unamwonesha gari. Hata mgeni anaagwa."

Jioni nikamweleza kaka yangu nikitaka aniambie kwamba mama anakuza mambo. Naye kweli akasema, ile ni biashara, alipata hela yake, abiria wapo tele, ungemlipa kwa mkataba ungempa notisi, hukuwa na mkataba. Nikaondoka nimeridhika. Sikulala.

Kwa sababu nilikuwa naujua ukweli ambao kaka haujui, kwamba sikusahau. Jumamosi jioni nikiwa bandarini nimeshika funguo nilimkumbuka kabisa, nikaona aibu, sijui aibu ya nini, labda ya kumwambia mtu hela yako imeisha huku mimi nacheka na gari jipya, nikasema nitampigia Jumapili. Jumapili nikasema usiku. Usiku nikasema amelala. Nilifanya vile vile, neno kwa neno, kesho, kesho, kesho. Hata kosa lenyewe ni lile lile nililomwandikia ajenti meseji ndefu.

Tena ajenti angalau alikuwa na mfumo uko chini. Mimi sikuwa na kisingizio, simu ilikuwa mkononi.

Bucha

Nilimpigia mara mbili simu haikupokelewa. Wiki ya pili nikaenda kijiweni mwenyewe, bila gari, kwa miguu. Nikamkuta anafuta kioo.

Alifurahi kuniona, na hilo lilinivuruga zaidi. Akauliza mguu wa mama kwanza. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akacheka akasema dada acha hizo, gari kufika ni jambo la heri. Nikamwambia hapana, ngoja nimalize, nikamaliza. Akanyamaza, akakunja lile tambara vizuri.

Kisha akaniambia, si kwa kulaumu, ila kwa sababu nimeuliza. Bajaji ni ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu elfu kumi na tano kwa tajiri, akimaliza mkataba chombo kinakuwa chake. "Siku za mama nilikuwa saa tatu asubuhi hesabu imeshaingia, inayobaki mpaka usiku ni ya mafuta na ya nyumbani. Kwa hiyo kichwa kinatulia." Na kabla yetu alikuwa na mtoto wa shule, kila asubuhi, wazazi wanalipa kwa mwezi. Nilipomwomba alfajiri siku tatu asingeweza kuwa sehemu mbili, yule mtoto akampa mwenzake. Mwenzake bado anaye. Hawezi kwenda kumnyang'anya.

Nikauliza kwa nini hukuniambia?

"Ungesema utafute mwingine. Na mama alishanizoea."

Nilisimama pale kijiweni sijui niweke wapi mikono. Mimi kichwani mwangu wiki zile zote nilikuwa nasema usafiri wa muda. Wa muda kwa nani? Kwangu, mwenye meli. Yeye hakuwa na meli inayokuja. Alipanga maisha yake juu ya honi mbili za alfajiri na mimi sikumpa hata tarehe, tena tarehe nilikuwa nayo, kila ilipobadilika nilikuwa wa kwanza kujua. Ningemwambia tu, kaka, gari langu liko njiani, likichelewa nitakwambia, likifika nitakwambia wiki mbili kabla. Angempa mwenzake yule mtoto kwa masharti. Angeweza hata kukataa, ni haki yake.

Na kigoda, nikauliza nikirudishe? Nikaambiwa kilikuwa cha mke wake, cha kukalia akipika. Alishapata kingine, mama abaki nacho.

Ijumaa

Kuna kitu sikukipigia hesabu wakati naota Raum. Gari linahitaji dereva. Dereva ni mimi, na mimi nina kazi mjini. Jumatatu na Jumatano nimepanga na bosi wangu naingia saa nne, nafidia jioni. Ijumaa imeshindikana, kuna kikao, nimebembeleza weee hakihami. Wiki mbili za mwanzo mama alikosa Ijumaa zake, gari limepaki uani linang'aa.

Kwa hiyo pale kijiweni nikamuuliza kama Ijumaa anaweza. Akafikiri. Jumatatu mpaka Alhamisi alishapata mama mmoja wa mboga wa kumpeleka sokoni alfajiri. Ijumaa ipo. Akasema mafuta yamepanda, itakuwa elfu ishirini na mbili.

Nikasema sawa. Na nikamwambia, safari hii nikiwa namaanisha, kwamba kikao kikihamishwa siku atajua yeye kabla ya mama, na atapata mwezi mzima wa kujipanga. Akasema sawa dada, akaandika namba ya simu yangu upya maana simu yake ya zamani iliingia maji, ndo maana nilikuwa nampigia hapokei.

Kigoda Jumatatu na Jumatano kinakaa kwenye buti la Raum. Alhamisi usiku, nikishafunga milango, nakitoa, nakagua vile vipande vya tairi kama bado vimeshika, nakiweka pembeni ya nguzo ya geti.